Wasomaji Wanauliza: Gari la Kulala Safarini, Tununue au Tuache?

SWALI

Ndugu mwandishi wa safu ya magari, salaam.

Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Moshi. Mimi na mume wangu tumekubaliana kwamba sehemu ya kiinua mgongo chetu tuitumie kuiona nchi ambayo kwa miaka 34 niliwaonyesha watoto wa watu kwenye ramani ya ukutani tu. Tungependa kufika hifadhi ya Kitulo wakati wa maua, kisha ya Katavi, kisha Kigoma, bila kutegemea nyumba za wageni kila usiku.

Tumeonyeshwa Arusha Land Cruiser ya mwaka 2001, ile ya bodi ndefu ambayo watu huiita mkonga, yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Zamani ilibeba watalii, na baadaye ikageuzwa kuwa gari la kulala: paa lake huinuka na lina kuta za turubai, na ndani mna kitanda, makabati, jiko la gesi, friji, tangi la maji na betri ya pili. Kwenye dashibodi zinasomeka kilometa 286,000. Mwenyewe anataka shilingi milioni 68. Nyingine ya mwaka huohuo ambayo haijageuzwa tumeikuta kwa milioni 52. Mume wangu anasema hizo milioni 16 ni bei ya nyumba, na kwa kuwa nyumba imekwisha kujengwa, sisi ni kuhamia tu. Mimi moyo unasita, lakini siwezi kusema unasitia nini. Tufanyeje?

Mwalimu mstaafu, Moshi

JIBU

Shikamoo Mwalimu, na mzee naye namwamkia.

Kwa milioni 68 msilichukue. Lakini msilikatae pia mpaka fundi asiyemjua muuzaji awe amelala chini yake nusu siku nzima, kwa sababu gari la aina hiyo, likiwa zima, ni miongoni mwa magari machache ya umri huo ambayo ningethubutu kumpeleka nayo mtu mzima hadi Katavi. Mzee amefanya jambo la maana kulitenga gari na nyumba. Alipokosea ni kwenye thamani ya nyumba. Nyumba iliyo ndani ya gari haina kiwanja. Kila kilometa ya barabara ya changarawe yenye mawimbi kama bati hulegeza misumari yake, na yeyote aliyeijenga aliipima kwa kimo chake, kwa sufuria zake na kwa idadi ya watoto wake. Mimi ningeihesabu nyumba hiyo, ikiwa nzuri kweli, kwa theluthi moja ya hizo milioni 16, na ikiwa na harufu ya ukungu ningeihesabu kuwa ni gharama, maana itabidi mlipe mtu aivunje.

Ndiyo maana nawaomba ukaguzi wenu usianzie kwenye friji. Muuzaji atawafungulia mlango wa nyuma, atawasha taa ndogondogo za rangi na kuinua paa, na katika dakika hizo tano mtakuwa mmekwisha kupanga pa kuweka chupa ya chai. Mwambieni kwa adabu kwamba ndani mtaingia mwisho.

Anzeni na historia yake, kwa kuwa ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Gari la watalii la Arusha likienda Seronera, ndani ya Serengeti, na kurudi, pamoja na mizunguko ya kutafuta simba, humaliza kilometa elfu moja hivi kwa safari moja. Kilometa 286,000 zikigawanywa kwa miaka zaidi ya 20 ni kama safari 14 kwa mwaka, na mfanyabiashara ambaye gari lake lilitoka mara 14 tu kwa mwaka asingelikuwa na fedha za kulinunua. Ama lilikaa juu ya mawe miaka mingi, ama mita imebadilishwa au kurudishwa nyuma. Kwenye dashibodi ya injini hii kuna taa iliyoandikwa T-BELT, ambayo huwaka kila kilometa 100,000 kukumbusha kwamba mkanda wa taiming ubadilishwe. Ulizeni umebadilishwa mara ngapi, wapi, na risiti ziko wapi. Asiyekuwa na jibu, mhesabieni mkanda mpya kwenye bei siku hiyohiyo, kwa sababu mkanda ukikatika njiani hauharibiki wenyewe, huondoka na injini.

Jambo la pili la historia hiyo ni urefu. Magari mengi ya kitalii hukatwa chesisi katikati na kurefushwa ili kuongeza safu ya viti. Land Cruiser ya aina hii ilitoka kiwandani ikiwa na milimita 2,980 kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Chukueni futi ya kupimia, mkapime wenyewe kila upande. Mkikuta mita 3 na sentimita 30, limerefushwa, na hapo swali linakuwa nani alichomelea, aliweka bamba la kuimarisha au aliunganisha kichwa kwa kichwa, na kama propela, ile shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, iliongezwa na kusawazishwa. Si kila lililorefushwa ni bovu; yapo ya gereji zenye sifa yaliyofanya kazi miaka 15 bila ufa. Lakini kama limerefushwa na muuzaji hakuwaambia, basi mengine pia hajawaambia.

Chini ya gari, fundi atazame kwa tochi na nyundo ndogo sehemu inapofungwa boksi ya stelingi, mahali shokapu zinaposhika, na vishikio vya springi za nyuma. Hapo ndipo nyufa huanzia. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chesisi nzima wiki ya kuuza gari ni jambo la kutilia shaka kuliko kutu ya kawaida, kwa kuwa kutu angalau haifichi kitu. Kwenye vifundo vya magurudumu ya mbele, grisi iliyochanganyika na mafuta na kuchuruzika ndani ya rimu maana yake ni sili zimekwisha, kazi ambayo si ya kuua mtu lakini ni ya siku mbili na inalipiwa.

Uwezo wa kuvuta kwa magurudumu manne haujaribiwi kwenye lami. Tafuteni uwanja wa udongo, fungeni habu (vitovu vya magurudumu) za mbele, ingizeni gia ya nne kwa nne, kisha mzunguke polepole kulia na kushoto mkisikiliza kama kuna mlio wa kugonga. Ingizeni na gia nzito pia. Nimeona magari ambayo kifimbo kidogo cha kuingizia gia hizo hakijaguswa kwa miaka mingi, na siku kilipohitajika kwenye tope kilikataa kutoka mahali pake. Injini yenyewe ni ya silinda sita, cc 4,164, haina tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) tangu kiwandani, na sifa yake kubwa ni uvumilivu. Kama kuna mtu aliyeifunga tabo ili ipande milima haraka, niandikieni tena kabla ya kulipa. Injini hii hupasuka silinda hedi ikilazimishwa hivyo bila uangalifu. Baada ya kuiendesha mwendo wa saa moja, mkienda hata kule Usa River na kurudi, isimamisheni, iache ipoe, mfungue rejeta mwone rangi ya maji.

Sasa uzito, ambao wageuzaji wengi wa magari hawaupimi kabisa. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18, ya futi 8 kwa 4, ina kilo 30 na zaidi, na makabati ya namna hiyo hayajengwi kwa chini ya karatasi nne au tano. Tangi la maji la lita 80 ni kilo 80. Mengi ya magari haya yana matangi mawili ya dizeli ya lita 90 kila moja, na yakijaa ni kilo 150 hivi. Betri ya pili ya kawaida ya 100Ah (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri hubeba) ni kilo 28, friji na chakula chake kilo 40, mtungi wa gesi, nyinyi wawili, nguo, chepe, jeki, gurudumu la pili la akiba. Mkijumlisha mtapita kilo 700 kabla hamjalihesabu paa jipya lenyewe. Kwenye bodi kuna kibati kinachoonyesha uzito wa juu kabisa ambao gari linaruhusiwa kuwa nao likiwa na kila kitu. Lijazeni kila kitu, mlipeleke kwenye mizani ya kulipia, kama ile ya maghala ya nafaka au ya machimbo ya kokoto, mlinganishe. Barabarani hakuna atakayewapimia, kwa kuwa mizani ya TANROADS inahusika na magari yanayoanzia kilo 3,500. Na fundi akiwaambia tatizo la uzito limeisha kwa kuongeza springi, mjibuni kwamba springi huinua gari. Haziziongezei breki wala ekseli nguvu.

Paa ndilo linaloamua kama mtalala au mtakesha. Bati la paa lilikuwa sehemu ya uimara wa bodi, hivyo anayelikata lazima azungushe fremu ya chuma kwenye tundu hilo. Gongeni mkiwa ndani, mwulize fremu iko wapi, na muiguse kwa mkono. Halafu mwombe muuzaji aliinue, limwagiwe maji kwa mpira dakika 10 bila haraka, nyinyi mkiwa mmelala juu ya kitanda. Najua inatia haya kulala kitandani mwa mtu huku dalali anachungulia. Laleni hivyohivyo, nyote wawili, na mmoja ajaribu kushuka kana kwamba ni saa nane za usiku na anataka kwenda kujisaidia. Kitanda cha juu ambacho kijana hukipanda kwa kuruka, mtu wa miaka 60 mwenye goti hukipanda kwa dua. Kama hamuwezi kushuka bila kumkanyaga mwenzako, jambo hilo halirekebishiki kwa punguzo la bei.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hulala sakafuni kama maji. Mtungi uwe kwenye kisanduku chake kilichozibwa upande wa ndani na chenye tundu la kutokea chini ya gari. Mtungi uliosimama tu chini ya kitanda muutoe siku ya kwanza. Umeme nao nitausema kwa hesabu. Friji ya kusafiria ya lita 40 kwenye joto hula kama 30 hadi 45Ah kwa siku, na betri ya kawaida ya 100Ah haipendi kushushwa chini ya nusu. Paneli moja ya sola ya wati 100, jua likiwa zuri, hurudisha kama 30Ah kwa siku. Maana yake bila paneli, mkisimama kambini siku mbili bila kuwasha injini mnaanza kuona friji ikizima, hata muuzaji aseme nini. Tazameni pia kama kila waya mnene unaotoka kwenye betri una fyuzi karibu kabisa na betri. Ukiwa hauna, ni moto unaosubiri mahali pa kusugulika.

Kuhusu kadi: linganisheni namba ya chesisi na ya injini kwa macho yenu, kisha msome idadi ya viti na aina ya bodi. Gari lililosajiliwa kubeba watalii huenda bado linasomeka la viti vingi na la biashara, wakati ndani limebaki na viti viwili na kitanda. Hilo lisahihishwe TRA kwa jina la muuzaji kabla ya kuhamisha umiliki, na bima iandikwe kwa matumizi yenu halisi. La sivyo siku ya ajali mtakuwa mnaeleza badala ya kulipwa. Faini za usalama barabarani na madeni ya maegesho yakaguliwe kwa namba ya gari palepale.

Likivuka yote hayo, ningetoa milioni 56, labda 57, na ningekuwa tayari kuondoka. Kabla ya hapo, kodini gari la namna hiyo kwa siku tano, liwe hata la hema la juu, mwende Lushoto au Pangani. Ni fedha, lakini ni ndogo mbele ya milioni 68, na usiku wa tatu mtajua kama mnapenda maisha hayo au mnapenda picha zake. Na kwa kuwa wewe ni mwalimu wa ramani, utaniwia radhi kwa neno hili la kalenda: maua ya Kitulo huchanua katikati ya mvua, kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 4, ilhali Katavi ni ya kiangazi, kati ya mwezi wa 6 na wa 10. Safari yenu ni mbili. Ile ya Kitulo ndiyo itakayolihitaji zaidi gari la kuvuta kwa magurudumu manne. Nyingi ya njia nyingine mtapita kwa lami, na huko hata gari dogo lenye hema lingewafikisha.

SWALI

Kuna wazungu wawili wapo kwenye kambi moja huku Kigamboni, wamekuja kwa gari lao la kulala la Ujerumani lenye namba za kwao, wakipitia nchi nyingi. Wamechoka, wanataka kurudi kwa ndege, na wananiuzia kwa bei ambayo kwa kweli ni nusu ya thamani yake. Wanasema karatasi zote zipo. Je, kuna ubaya?

Msomaji, Dar es Salaam

JIBU

Ubaya upo, na umejificha kwenye hilo neno "karatasi zote". Mgeni anayeingia na gari la kwao huliingiza ama kwa kibali cha muda cha forodha, ama kwa hati inayoitwa karnee, kijitabu kinachotolewa na chama cha magari cha nchi yake na kugongwa muhuri kila mpaka. Vyote viwili vinasema jambo moja: gari hili litatoka. Kodi haijalipwa, imeahirishwa tu. Ukilinunua kwa kupeana mikono, una gari ambalo kisheria halijaingia nchini, huwezi kulisajili, na wao wakiruka na ndege huku karnee yao haina muhuri wa kutoka, watadaiwa na chama chao, nacho hakitasita kutaja lilipobaki.

Njia halali ni moja: nyinyi na wao mwende forodha kabla ya kulipana, lifanyiwe tathmini na kodi zote zilipwe. Hapo ndipo ile nusu bei inapoyeyuka. Viwango hupitiwa kila bajeti, lakini kwa hesabu iliyozoeleka kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000, nyongeza ya asilimia 30 kwa gari lililopita miaka 10, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote. Gari likiangukia kwenye viwango vyote hivyo, kodi peke yake huizidi thamani ya gari. Tena thamani hiyo ni ile itakayokadiriwa na TRA, siyo ile mtakayoandikiana kwenye kambi. Ongeza kwamba usukani uko kushoto, na kwamba kioo cha dirisha au bomba la maji la nyumba hizo za Ulaya hulipati Kariakoo. Kama bado unalitaka baada ya kupewa kadirio la forodha kwa maandishi, basi unalitaka kweli.

SWALI

Mimi ni Mkenya ninayefanya kazi Muscat. Nimeigeuza Land Cruiser yangu ya mwaka 2012 kuwa gari la kulala, nimeshazunguka nalo jangwani mara nyingi. Mkataba wangu unaisha, nataka kulisafirisha kwa meli hadi Mombasa. Mnashauri nini?

Msomaji, Muscat

JIBU

Pole, ndugu, maana najua mtu akijijengea kitu kwa mkono wake hakiuzi kirahisi. Lakini lina vikwazo viwili. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na hapo lako limekwisha kupita. Pili, magari ya Oman yana usukani wa kushoto, na gari la namna hiyo halisajiliwi Kenya kwa matumizi ya kawaida. Kila kimoja kati ya hivyo kinatosha kulikwamisha bandarini, ambako gharama za kuhifadhi huhesabiwa kwa siku.

Liuze huko, ambako wapenzi wa kulala jangwani na kwenye wadi, yale mabonde ya mito mikavu, ni wengi na wanajua thamani ya ulichofanya. Kabla ya kuliuza, fungua vile visivyochomelewa: friji ya volti 12, paneli, kidhibiti chaji, godoro na jiko. Vifungashe pamoja na vyombo vyako vya nyumbani. Chukua pia vipimo vya makabati kwenye karatasi, upana, kina na kimo, kwa sababu Land Cruiser ya bodi hiyohiyo yenye usukani wa kulia utaipata Nairobi, na fundi seremala akiwa na vipimo hatahitaji kuliona gari la Muscat.